Mvule wa Kwa Nyamweya

Mzee Johana, wa karibu na Kaplong, ni mtu mwema, lakini ukitaka kumkasirisha, sema mbele yake kwamba mbao ni mbao tu. Alipasua miti tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomwambia basi, na hadi juzi hakuna aliyenunua mlango wala kitanda kijijini bila kumwita aje atazame. Hutazama, hunusa, hugonga kwa kidole, kisha hutoa hukumu, na mafundi hushusha pumzi. Mkewe, Janeffer, husema kwamba hata siku ya posa yao Johana aliikagua kwanza stuli aliyopewa kukalia, ndipo akamtazama msichana aliyekuja kumposa.

Sebule yao ina sakafu ya mbao, kazi ya mikono ya Johana mwenyewe, na kila Jumamosi Janeffer huipiga polishi akiwa amepiga magoti. Sasa magoti yamechoka. Mwaka jana yalivimba mpaka akaenda hospitali, na daktari akamwambia kupiga magoti kumekwisha. Kanisani siku hizi anaomba akiwa ameketi, na mchungaji hana neno. Yaani Mungu mwenyewe amemruhusu aketi. Mbao za Johana bado.

Kwa hiyo walipojenga jiko jipya nyuma ya nyumba, limeungana na sebule, Janeffer alijua anachotaka. Alitaka mkeka wa mbao, ile plastiki iliyochorwa ikafanana na mbao, inayouzwa dukani kwa kukatwa kama kitambaa. Maziwa yakimwagika, matope ya shamba la chai yakiingia na gambuti, unapiga deki ukiwa umesimama wima, kazi imekwisha. Lakini Johana alikuwa na mbao za saiprasi stoo, zimekauka vizuri, zinalingoja jiko hilo hilo.

"Baba Chelangat," Janeffer alianza, akimmiminia chai, "mimi naona kwa jiko tuweke ile mkeka."

"Mkeka gani?"

"Ile inakaa mbao."

"Inakaa mbao," Johana akarudia, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kichungu. "Na mimi nikikuletea kitu inakaa kuku, utapika?"

Janeffer angeweza kumweleza habari ya magoti. Hakumweleza. Yeye naye ana kiburi chake, msimwone mpole. Alitaka mwanamume aliyeishi naye mpaka wakapata wajukuu aone mwenyewe bila kuambiwa. Badala ya kuona, Johana alikwenda kesho yake kwenye kituo cha maziwa, na watu wakiwa kwenye foleni na mikebe yao, akatangaza kwamba plastiki haitaingia nyumbani kwake yeye akiwa hai. Hapo Janeffer akakata tamaa, maana mzee akishasema neno kituo cha maziwa, ni kama limetangazwa redioni.

Jirani yao Nyamweya, aliyetoka upande wa Kisii akanunua shamba hapo zamani, alikuwepo kwenye foleni hiyo na alicheka sana. Mke wake, Mellen, alikuwa ameweka mkeka huo huo jikoni kwake, ila Johana hakuwa ameuona. Haikupita wiki Mellen akawaalika chai. Kama wanawake hawa wawili walipanga jambo, mimi sikuwepo.

Walivua viatu mlangoni. Johana akaingia na soksi zake, akasimama, akatazama chini. Janeffer akaanza kutafuta maneno ya kusifia mkeka taratibu, lakini kabla hajafungua kinywa, mumewe aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akainuka ameshika mgongo.

"Nyamweya," alisema kwa heshima kubwa, "hii mvule ulitoa wapi?"

Nyamweya akapaliwa na chai. Mellen akaangalia dari kana kwamba inavuja. Janeffer alitamani ardhi ipasuke immeze, na mkeka wenyewe juu yake. Miwani! Mzee alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Hii ni mvule ya kutoka Busia," Johana aliendelea, hana habari. "Angalia vile imelala. Mama Chelangat, kama ni namna hii, hata sisi tuweke kwa jiko."

"Nitakuonyesha duka, Mzee," akasema Nyamweya, machozi yakimtiririka.

Janeffer alirudi nyumbani amepata alichokuwa akikitaka, na moyo hautulii. Aliona ni kama amemwibia mzee. Kufikia asubuhi Nyamweya alikuwa ameimwaga hadithi yote kituo cha maziwa, na watu wakamwita Johana "Mzee Mvule" usoni kwake. Fundi mmoja aliyekuwa akimwogopa alimwuliza kama na mkebe wake ni wa mvule. Johana alijibu tu kwamba macho ni ya uzee, akarudi nyumbani, akakaa na ng'ombe wake. Wiki hiyo hakuna aliyemwita kutazama kitanda. Kila mara Janeffer alipomwona amekaa pale peke yake, alimwonea huruma, akajiambia kesho atamwambia basi, tuweke saiprasi yako. Halafu anainuka kitini, magoti yanamkumbusha, ananyamaza.

Siku ya kazi ilipofika, fundi alikuja na pikipiki, mzigo umekunjwa nyuma kama godoro. Janeffer akajikaza kusubiri kelele. Mbao gani hiyo inakunjwa? Johana aliuangalia mzigo, akamwambia fundi, "Anzia mlangoni," akaenda zake kukata nyasi za ng'ombe.

Jioni fundi alipoondoka, wawili hao walisimama jikoni. Miwani ya Johana ilikuwa mezani sebuleni. Akanyoosha fimbo yake.

"Unaona hii fundo hapa? Iko pale karibu na dirisha tena. Na ile ingine chini ya sinki. Zote sawa sawa, mpaka ufa. Mti gani inazaa mapacha hivi?"

Janeffer akamgeukia. "Ulijua lini?"

"Kwa Mellen. Kabla hata nikae."

"Na ukasema mvule! Watu wanakucheka mpaka Sotik!"

"Wacheke." Johana akagusa mkeka kwa ncha ya fimbo, bila mapenzi. "Ile Jumamosi kabla ya chai ya Mellen nilikuona ukimaliza sebule. Ulishika mguu ya meza ndio uinuke. Mara ya kwanza ukashindwa. Nikarudi nje, usijue nimeona."

"Si ungeniambia tu tununue mkeka?"

"Na ile maneno nilisema kwa kituo cha maziwa? Mzee akirudisha neno, watu wanauliza ni nani amemrudisha. Wangesema umenikalia. Afadhali waseme macho yangu imekufa."

Janeffer alicheka mpaka akaketi, kisha akajikuta analia, kisha akacheka tena kwa sababu mzee alikuwa amekasirika kwa kuchekwa. Alimpenda siku hiyo kuliko siku ya stuli. Akamwambia hivyo, na Johana akasema chai imechelewa.

Jumamosi iliyofuata Janeffer alipiga deki jiko lake amesimama wima, akiimba. Alikuwa bado anaimba Nyamweya alipofika na kipande cha ubao wa saiprasi kwapani, uso umejaa utani, akaja mpaka mlango wa jikoni.

"Mama Chelangat, Mzee Mvule yuko? Nataka aniambie hii ni mti gani."

Janeffer akachungulia sebuleni. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Johana alikuwa chini, kitambaa mkononi na mkebe wa polishi kando, jasho linamtoka, naye alikuwa akimpungia mkono kwa nguvu kwamba asiseme, asiseme.

"Yuko," Janeffer akamjibu Nyamweya kwa sauti ya chini. "Lakini amepiga magoti. Mwache kwanza amalize."

Nyamweya akavua kofia yake, akaificha ile saiprasi nyuma ya mgongo, akaondoka akinyata.