Nilivyotangaza Halbadiri Hillbrow, Profesa wa nyota akasimama na mpelelezi akabaki amekaa

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mpo humu. Waliobaki, marahaba.

Shule mie sikuiona. Naongea, simu inaandika, ikikosea itukaneni yenyewe. Haya yamenikuta mwenyewe, na shahidi yuko jikoni kwangu sasa hivi anamaliza wali.

Naishi Hillbrow, hapa Johannesburg, ghorofa ya sita, na Zaituni, binti wa marehemu mdogo wangu. Anasuka nywele. Lifti yetu ilikufa zamani, mlango umebaki wazi, tunaupita kama mtu anavyompita mbwa wa jirani.

Siku moja Papa Kasongo, fundi cherehani Mkongo wa mlango wa pili, akakutwa chini kwenye shimo la lifti. Amekufa.

Jirani mwingine ni Profesa. Mnawajua, wale wa vikaratasi pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, "narudisha mpenzi aliyepotea". Anajiita Mpemba. Kanzu nyeupe, sauti ya puani: "Bibiye, nyota yako ina kivuli." Kivuli chenyewe cha pazia langu.

Wakaja wapelelezi. Si polisi wa stesheni, wale wakubwa wa suti. Profesa akawaambia ameona maono: mwanamke mwenye hina mikononi anamsukuma marehemu.

Zaituni ndiyo kwanza katoka harusini, hina mpaka viwikoni. Na jana yake aligombana na Papa Kasongo kwa gauni lililombana. Jengo zima lilisikia.

Bosi wao akacheka maono. Hina akaiandika.

Mpelelezi kijana, Themba, akatumwa kumhoji Zaituni. Akahoji. Kesho yake karudi kuhoji. Keshokutwa kaja kuhoji na kuku wa kuchoma. Mie nimezaa, nimelea, macho ya mtu anayehoji nayajua.

Ijumaa kaja hana kuku.

"Eish, Gogo. Jumatatu bosi chukua Zaituni. Mimi hapana weza zuia." Gogo kwao ndiyo bibi.

Zaituni akaingia bafuni, akafungulia maji ili asisikike analia.

Nikavaa ndala, nikapita mlango kwa mlango: Jumapili baada ya alasiri nasoma Halbadiri. Kwa msioijua, ni kisomo cha kumwapiza mhalifu asiyejulikana. Kwetu Tanga ukitangaza tu, mwizi anarudisha kuku na mayai yake.

Themba akasema, "Gogo, korti hapana taka hiyo."

"Korti sijaialika. Wewe njoo ukae karibu na mlango."

Jumapili kwangu pakajaa, hadi Wakongo na misalaba yao shingoni. Profesa naye kaja, asingekuja angesemwa. Nikachoma udi. Kitabu nimekivika kitambaa cha kijani. Nikatoa sauti ya shehe wetu wa Pangani, ile nzito: "Aliyetenda ana nafasi ya kusema. Nikishaanza, tumbo likimvimba mie simo."

Nikafungua. Nikakohoa.

Profesa akasimama. Pemba yote imemtoka, imebaki Lubumbashi ya Kongo tupu: "Mama, usisome! Niko nakuomba! Nilimusukuma mara moya tu!"

Mara moja, wakuu. Ghorofa sita.

Kumbe Papa Kasongo alimjua Profesa tangu huyo Profesa akiuza viatu Lubumbashi, akawa anamcheka mbele ya wateja. Wakabishana pale penye lifti, basi. Themba akamtia pingu, na simu ya marehemu ikakutwa chumbani kwake.

Sasa niwaambie. Kitabu kile kilikuwa maelekezo ya maikrowevu. Chuoni kwa maalimu nako sikukaa, Halbadiri siijui hata inavyoanza. Mtu kazi yake kuwauzia watu majini, na hakuna aliyeniamini kama yeye.

Mwezi uliopita Themba kaja na wajomba zake kuposa. "Mimi penda Zaituni, Gogo. True."

Nikachoma udi, nikakifungua kile kitabu cha kitambaa cha kijani.

"Mama mkubwa, jamani!" Zaituni huyo.

Jasho likamtiririka Themba mpaka kwenye tai. Kiti hakukiacha.

Nikakifunga kitabu, nikawaambia wajomba tuongee mahari.

Nilichojifunza: mtu akikwambia anaona yaliyofichika, mwangalie yeye anaogopa nini.

Na nyie wenye watabiri kwenye majengo yenu, semeni yaliyowakuta. Ila msinidanganye. Udi umebaki mwingi.