Grisi ya Baba kwenye Breki za Remoki

Baba yangu alikuwa mtia grisi wa reli. Maisha yake yote ya kazi, kule Sakania, treni ikisimama yeye alipita chini ya mabehewa na kopo lake, kuhakikisha hakuna gurudumu linaloondoka likiwa kavu. Mama alipofariki nilimleta kwangu mjini, Kamalondo, nikampa chumba kizuri kinachotazama uani. Akakaa wiki chache, akaanza kunyong'onyea. Nikimuuliza ana shida gani, jibu lilikuwa lilelile.

"Mama," aliniambia, maana kwetu baba humwita binti yake hivyo, "mugeni siku mbili, ya tatu mumupe jembe. Jembe yangu iko wapi? Miye minarudia ku Sakania."

Niliogopa. Huko alikuwa amebakiwa na nyumba tupu yenye nyufa, na magoti yake hayakuwa tena ya kuchota maji. Lakini baba yangu ukimkataza jambo, ndiyo umemfungia mzigo wa safari.

Mimi nakodisha viti, mahema na masufuria ya karamu. Nilikuwa nimechoka kubembeleza magari ya watu, nikaamua kuunda remoki yangu, ya kukokotwa nyuma ya pikapu yangu ndogo. Fundi wa kuchomelea, mtu mnene anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema, alitaka tufunge ekseli za gari bovu, zisizo na breki.

"Pikapu iko na freni yake, mama. Inatosha."

Haitoshi hata kidogo. Mzigo ule ukikusukuma mteremkoni, pikapu inakuwa punda aliyepandwa na ng'ombe. Nilimwambia sitaki kuzikwa pamoja na viti vyangu. Basi tukanunua ekseli mbili zenye breki za umeme. Ndani ya kila gurudumu mna sumaku. Ukikanyaga breki ya pikapu, umeme unafika, sumaku inanasa, viatu vya breki vinatanuka, na remoki inajizuia yenyewe. Tulichagua zinazobeba zaidi ya mzigo wangu, maana sijawahi kuona karamu ya huku ambayo wageni wake hawakuongezeka.

Siku ya kuzifunga, baba alitoka chumbani bila kuitwa. Alishika ncha moja ya utepe wa kupimia, fundi akashika nyingine, wakapima kutoka kichwa cha kuifungia remoki kwenye pikapu hadi kila mwisho wa ekseli. Vipimo visipolingana, remoki hutembea upandeupande kama mbwa wa mtaani. Havikulingana. Baba alimzuia fundi asichomelee chochote mpaka ekseli isogezwe, na jioni akamaliza bukari yake, ugali wa kwetu, na kuomba nyingine.

Nikaona hapo ndipo pa kumshikia asiondoke. "Baba, grisi ya hii remoki ni kazi yako," nikamwambia.

Mwishoni mwa kila ekseli, chini ya kifuniko cha mpira, kuna tundu la kuingizia grisi. Kila asubuhi akitoka misa, baba alikaa kwenye kigoda na pampu yake ya grisi, akaimba na kupampu. Reli ilimfundisha kwamba grisi haijatosha mpaka uione inatoka, kwa sababu behewa likikauka linashika moto. Mimi nilisikia nyimbo zake nikapika kwa furaha. Sikuuliza kitu.

Tukapata karamu ya ndoa, tena Sakania. Kabla ya safari nilitoka na fundi kujaribu remoki ikiwa na mzigo. Karibu na usukani kuna kipini kidogo kinachoshika breki za remoki peke yake. Nikakisukuma. Remoki haikujali, iliendelea tu kutusukuma mgongoni, hadi nilipokanyaga breki ya pikapu kwa nguvu zote tukasimama, pua ya pikapu karibu na meza ya mama anayeuza mikate.

"Kama unataka mukate," akasema yule mama, hata hakuinuka, "shuka, ulipe."

Nyumbani fundi alifungua gurudumu. Grisi tupu. Ilikuwa imeupita mpira wa nyuma unaoizuia, imejaa ndani, viatu vya breki vimelowa chapachapa. Baba alikuwa amesimama hapo na pampu mkononi. Mimi hasira yangu hutangulia akili, nimeirithi kwa mama.

"Baba, ulitaka kutuua?"

Aliweka pampu chini taratibu, akaingia ndani. Nikasikia valisi yake ya nguo ikiburutwa kutoka chini ya kitanda.

"Karamu iko Sakania," alisema kutoka chumbani. "Utanipeleka pamoja na sufuria zako."

Nikarudi uani kwa fundi. Fundi alifunga viatu vipya na mipira mipya. Alipokuwa akiosha sumaku, baba akashindwa kukaa ndani. Alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Miye balinifundisha kufanya magurudumu iende," alisema. "Ya kusimamisha ilikuwa kazi ya mwingine."

Fundi alicheka, na baba akacheka naye, mimi nikajifanya napangusa jasho. Kisha fundi akamwonyesha: zungusha gurudumu kwa mkono, pampu polepole, kidogo, tena baada ya safari ndefu tu. Halafu kaza viatu mpaka usikie vinagusa kidogo sana. Baba aliweka sikio kwenye gurudumu, akazungusha, akakaza, akasikiliza tena. Lakini nilipoingia ndani, valisi ilikuwa imesimamishwa mlangoni, tayari kwa safari.

Asubuhi ya safari alipakia mwenyewe vitu vya nyuma, akafunga turubai, akapanda kando yangu. Kwenye kila mteremko remoki ilijizuia vizuri, na mimi sikufurahia hata mmoja. Tulipofika mbele ya ile nyumba yenye nyufa, nilizunguka nyuma nikafungua turubai. Viti. Masufuria. Pampu ya grisi, imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Baba, valisi iko wapi?"

Alikuwa ameshapiga yale magoti yake mabovu chini, kiganja juu ya gurudumu, akipima kama limepata moto. Nyumba hakuitazama.

"Iko chini ya kitanda, ku Kamalondo," akasema. "Usinisemeshe, mama. Niko ku kazi."