Mama alimkataa mchumba wangu kwa sababu ya moshi wa treni (Itigi, enzi za Mwingereza)

Wakuu, kwanza marahaba. Najua hamjaniamkia bado, ila kwa umri wangu sina muda wa kusubiri.

Nimewasoma humu mnabishana juu ya hewa chafu, nani anaichafua zaidi, mwenye lori au mwenye kiwanda. Nikasema ngoja na mimi bibi yenu nishushe uzi. Hii si chai. Ninayoyaandika niliyaona kwa macho haya haya ambayo leo yanasoma simu kwa kukuza herufi.

Mwenye haraka aruke mpaka chini. Atakosa utamu, shauri yake.

Ilikuwa Itigi, Mwingereza bado yupo, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kutazamwa na wavulana. Mama alikuwa mjane, Mnyaturu wa upande wa Ikungi. Alimfuata baba kwenye kazi ya reli, baba akafariki, yeye akabaki pale pale.

Riziki yetu ilikuwa kufua. Sare za watu wa stesheni, mashati ya walimu, na shuka za nyumba walikokuwa wanalala wafanyakazi wa treni. Karibu zote nyeupe. Mama na weupe walikuwa kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa tatizo. Nyumba yetu ilikuwa jirani na tangi la maji, pale injini ilipokuwa inasimama kunywa.

Kwa ninyi wa treni za umeme, niwaeleze. Injini za kwetu wakati ule zilikuwa zinakula kuni, na kuni zenyewe zinatoka kwenye vichaka vya Itigi, vilivyosongamana mpaka mbuzi anaingia kwa kuomba ruhusa. Kitu chenyewe kinaitwa gari la moshi. Jina lilishatuonya, sisi tukajenga karibu.

Ikisimama pale, fayamani, yaani mlisha moto, anasukumia kuni tele ili safari ianze kwa nguvu. Wingu jeusi linapanda. Na upepo wa Singida mnaujua, haujawahi kuwa mvivu. Unalichukua lile wingu na kulileta moja kwa moja kwenye kamba ya mama.

Shuka zinaingia madoa. Mama anazianua, anafua upya. Huku anamtukana fayamani kwa Kiswahili, akichoka anahamia Kinyaturu, ambako matusi yana nafasi zaidi.

Lakini nguo si kitu. Kifua chake ndicho kilichokuwa kinanitisha. Alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, na akipumua unasikia filimbi ndani. Kuna siku alishindwa kumaliza ugali kwa sababu ya kukohoa, nikajikuta nahesabu ndugu nitakaowakimbilia akiondoka. Walikuwa wachache.

Majirani walishamaliza uchunguzi: amerogwa. Karibu watutajie na jina. Mganga wa zahanati ya serikali alimwambia akae mbali na moshi. Mama akamjibu, "Niende wapi? Moshi ndio unanifuata mimi."

Halafu masika moja mvua ikakata reli. Treni hazikupita kwa siku nyingi. Mama akaanza kulala vizuri. Filimbi ya kifuani ikanyamaza. Akawa anaimba uani, na mama hakuwa mwimbaji.

Reli ikatengenezwa. Treni ya kwanza ilipoingia, kabla ya wiki kwisha kikohozi kilikuwa kimerudi.

"Mmeona?" akawaambia majirani. "Mchawi wangu ana magurudumu."

Sasa wakuu, katikati ya vita hii mimi nikapendwa. Na fayamani!

Jina lake Hamisi, Mnyiramba wa Ulemo. Mrefu, mpole, mweusi kwa kuzaliwa na mweusi zaidi kwa masizi. Kila akishuka pale tangini ananisalimia kwa adabu, mimi naanika nguo ambazo yeye mwenyewe atazichafua baada ya muda mfupi. Mapenzi hayana akili, msinicheke.

Akamtuma mshenga. Mshenga mwenyewe alikuwa dereva wake wa injini, Mzee Sijaona, Mnyamwezi wa Tabora. Walikuja yeye na Hamisi, wamenawa mpaka masikio.

Mzee Sijaona akasafisha koo. "Mama, tumepita njia, tumekuja kuomba maji."

"Maji si mnakunywa pale tangini kila siku?"

"Tumeona kuna ua limechanua hapa kwako."

"Limechanua, ndiyo. Nalo lina masizi."

Mimi niko nyuma ya ukuta, nimejiziba mdomo kwa khanga.

Mama akasema, "Binti ninaye. Lakini simtoi kwa mtu anayenifukiza kama mzinga wa nyuki. Moshi ukipungua, rudini tuongee."

Wakaondoka. Mlisikia wapi uchumba unasubiri hali ya hewa?

Hamisi akaanza kuhangaika. Kwanza aliomba injini isimame mbele kidogo. Ikasimama, mpira wa maji haukufika, abiria wakacheka, ikarudishwa nyuma. Halafu akaleta mche wa sabuni. Mama akaupokea, akaunusa, akauliza, "Hii itafua na mapafu?"

Mwisho akamwendea Mzee Sijaona, naye akamcheka kwanza, ndipo akamfundisha. Haya nilisimuliwa baadaye na Hamisi mwenyewe.

Wakati ule mafayamani waliamini moshi mzito ndio dalili ya moto mkali. Anayetoa wingu kubwa ndiye mwanaume. Mzee akamwambia ni kinyume. Moshi mweusi ni kuni ambayo haijaungua, ni chakula kinachotapikwa. Ukijaza kuni nyingi kwa mara moja unaukaba moto. Kuni mbichi nazo zinatoka jasho kwanza kabla ya kuwaka. Tia chache, zilizokauka, mara kwa mara, na uache hewa ipite chini ya moto. Na kazi kubwa ya kulisha uimalize porini, usije kuianzia kwenye nyumba za watu.

Tatizo likawa kuni za Itigi. Zilikuwa zinakatwa leo, kesho ziko tumboni mwa injini. Hamisi akawafuata wakata kuni, akawabembeleza mpaka wakakubali kupanga mpya upande mmoja zikauke, na za zamani zitangulie. Walimwita bwana harusi wa kuni. Akalivumilia jina hilo.

Mkinikubalia kusema kweli, moshi haukuisha. Ulipungua. Ukawa wa kijivu, mwembamba. Shuka zikaanza kupona, ingawa zamu za mafayamani wengine mambo yalikuwa yale yale. Lakini kifua cha mama kilibaki na filimbi, na mimi nikaanza kuona harusi yangu inapotelea njiani.

Siku moja Hamisi akaja na mzigo wa kuni kavu begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeona juhudi zako. Pita huku jikoni, nina kazi."

Jiko la mama lilikuwa chumba kidogo cha udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ndimo alimokuwa anachemshia nguo, pipa juu ya mafiga, chini kuni mbichi kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu.

Hamisi akaingia. Mtu aliyezoea injini! Akakohoa, machozi yakamtoka. Akapapasa ukuta kutafuta mlango. Akiwa bado anajifuta macho, akauliza kwa heshima zote:

"Mama, humu injini inasimama saa ngapi?"

Nilikuwa na ndoo kichwani. Maji yote yakanimwagikia.

Mama akasema maneno mawili matatu ya Kinyaturu nisiyoweza kuyaandika humu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mimi nakoka moto hivi kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo mama. Ila zile siku reli imekatika ukalala vizuri, ulikuwa unachemsha nguo?"



Hakuwa anachemsha. Treni hakuna, wafanyakazi wa treni hakuna, shuka za kuchemsha zitoke wapi? Moto mkubwa haukuwashwa siku zile zote. Tulikuwa tumeitazama reli tu, hakuna aliyetazama jikoni.

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Hamisi akamshika mkono na kumtoa nje akakae penye upepo.

Pale nje, alipopata pumzi, akamtazama tena yule kijana. Macho mekundu, kucha nyeusi, mstari wa masizi shingoni usiokubali sabuni.

Akamuuliza taratibu, "Na wewe unayeshinda mbele ya moto kutoka huko hadi huko, kuna mtu anakuuliza habari za kifua chako?"

Hamisi akainamisha kichwa. "Hakuna, mama."

"Basi mwambie mshenga wako aje."

Wiki hiyo hiyo mafiga yalihamia nje chini ya paa la nyasi lisilo na kuta. Jikoni Hamisi akatoboa dirisha, pana kiasi cha kupitisha kuku, na kuku walilitumia. Kamba ya nguo tukaihamishia upande ule upepo unakotokea.

Tukaoana. Mama hakupona kabisa, nisiwadanganye. Kifua kilichoumia kina kumbukumbu. Lakini filimbi ilipungua, na aliwabeba wajukuu wanne mgongoni. Hamisi baadaye aliomba kazi ya stoo, akaacha moto, hata hivyo uzeeni alikohoa. Ameshatangulia, Mungu amrehemu. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye ndiye bwana harusi pekee Itigi aliyepimwa kwa shuka.

Nilichojifunza ni kifupi. Moshi wa jirani tunauona mapema kwa sababu unatujia usoni. Wa kwetu tumeuzoea mpaka tunauita harufu ya nyumbani. Wote unaua pumzi. Kuni zikauke, moto upate hewa, jiko lipate dirisha, na mtoto asibebwe mgongoni penye moshi. Hayo hayasubiri serikali.

Na wewe uliyenikosoa juzi kuhusu mazingira, nasikia unachoma mifuko ya plastiki nyuma ya nyumba. Mama yangu angekuwepo, usingepata mke.

Haya, semeni na ninyi. Nani humu alikataliwa ukweni kwa ajili ya kazi yake, na alifanyaje? Nasoma polepole, lakini sibakizi hata moja.