Kuanguka Kusiko Kifafa

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili wa primaire. Lakini nyumba nyingi za Cimpunda zimesimama kwa mbao zangu, na binti yangu ndiye mutu wa kwanza mtaani kwetu kupasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa akarudi anatembea. Tulimupeleka Nairobi kati ya vita ya kwanza na ya pili ya Kongo. Ugonjwa ukakatika. Akaanza kushona nguo za watu, akawasha makala ya kupikia mwenyewe bila mutu wa kumuchunga asiangukie motoni.

Kisha vita ya pili ikatukuta. Askari walipita wakipiga risasi hewani, binti akaanguka kando ya cherehani. Kesho yake, tena. Majirani hawakukawia: "Kichwa kikishafunguliwa, hakifungike tena!" Nilikimbia kanisani, paroisse, kwenye foni, ile redio inayoita mbali, nikamupigia kelele daktari wa Nairobi: "Anaanguka tena!" Akasema tuongeze dawa. Tukaongeza. Binti akawa wa kusinzia mpaka sindano ikamutoboa kidole, na kuanguka hakukuisha.

Nikaamua: turudi Nairobi, wamufungue tena. Njia ya Kamanyola ilijaa vizuizi vya askari, lakini mimi nikisema tunapita, tunapita.

"Papa," binti akalia, "wakinipasua tena, kushona kwangu kumekwisha."

Mama yake akashikilia kwamba kwanza tuone daktari wa hapa Bukavu, mwanamuke ambaye angeweza kuwa mutoto wangu.

"Muzee, anaanguka namna gani?"

"Kuanguka ni kuanguka, maman!"

"Na mbao ni mbao?"

Hapo alinikamata. "Apana. Mbao ya libuyu haiko ya mukaratusi."

"Basi nipambanulie."

Mama yake ndiye aliyejibu. Zamani macho yalibaki wazi, kichwa kinageuka upande, anauma ulimi, anajikojolea, inaisha upesi. Sasa anafumba macho kwa nguvu, anatikisika muda murefu, machozi yanatoka. Tukiwa bado pale mulango ukapigwa na upepo, binti akaanguka. Daktari akatazama bila haraka mpaka akatulia.

"Hii haiko kifafa," akasema. "Upasuaji haukuharibika. Na hajifanyi, musimuseme hivyo hata siku moja. Mwili ulizoea kuanguka. Sasa woga ukija, unashika njia ile ile. Inatokea kwa waliopasuliwa, hata pasipo vita."

Mimi nilishukuru Mungu palepale, kwa sauti, mpaka wagonjwa wa nje wakacheka.

Alisemezana na mwenzake wa Nairobi, wakapunguza dawa pole pole. Daktari akamufundisha binti, woga ukija, kukanyaga chini kwa nguvu, kupumua taratibu, kutaja vitu anavyoviona. Sisi akatukataza kumushika na kumuzunguka. Na nyumbani kwangu nilipiga marufuku neno "anaanguka". Tukasema "anatetemeka", kwa sababu neno lile moja ndilo lililotaka kumurudisha chini ya kisu.

Kutetemeka hakukuisha siku moja. Lakini bunduki zilipolia tena upande wa Kadutu, nilimuona ameacha cherehani, amekaa chini, nyayo zimekanyaga simenti, macho wazi, anataja: "Mukasi. Uzi. Dirisha. Papa." Nikamuinamia.

"Papa, songa kidogo, unaniziba hewa."

Nikasonga. Alipopumua vizuri alirudi kwenye cherehani, akamaliza mukono wa blauzi aliyokuwa anashona.