Birika la Amondi

Amondi wa Igogo alikuwa na kazi ndogo na maringo makubwa. Katika mgahawa wa Sato Tamu, Mwanza mjini, yeye ndiye aliyewanawisha wateja mikono: birika la alumini mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Maji ya uvuguvugu, taratibu, na salamu kwa kila mtu. Hakuwa na mume tena, wala shamba huko kwao Rorya. Alikuwa na birika, na birika lilimlisha.

Basi wakubwa wa Sato Tamu huko Dar wakaamua kwamba migahawa yote inayotumia jina lao ivae sura moja: viti vipya, rangi mpya, taa za kuning'inia. Mwenye tawi atakayegoma, ananyang'anywa jina. Shaibu, aliyelikodi jina hilo kwa Mwanza na Sengerema, hakubishana. Akaletewa mbunifu, binti mwenye ulimi wa asali aitwaye Nasma.

Mafundi walianza kwa kuchimba ukuta wa mbele wapitishe mabomba ya masinki. Amondi alipoona hivyo akasimama, birika mkononi. Wateja wakipata bomba, yeye atabaki na kazi gani? Alikuwa bado anayatazama mabomba Nasma alipomsogelea na futi kamba mkononi.

"Shikamoo mama. Hili birika ni lako?"

"Marahaba mwanangu. Langu, na beseni lake."

"Jamani, zuri! Bila hili mgahawa hauna roho. Nayataka ya namna hii matawi yote. Wenzako wanayo?"

Kilemba cha ukoka hicho, na kilimkaa Amondi barabara. Akasahau masinki, akasahau mabomba. Hakujua kwamba mtu anaweza kulitaka birika asimtake anayenawisha. Akalikabidhi palepale, kisha akapanda kivuko kwenda Sengerema kumtafuta Dorotea, mnawishaji wa tawi la huko.

Dorotea alisitasita. Birika lake lilikuwa kuukuu, kishikio kimefungwa waya mwekundu, lakini ndilo alilokuwa nalo.

"Dada Amondi, wakilichukua moja kwa moja je?"

"Wewe nawe kwa woga! Wanatutaka sisi. Nimeongea na mbunifu mwenyewe. Njoo siku ya ufunguzi, nitakutambulisha."

Dorotea akalifunga kwenye khanga, akampa. Masikini, alimwamini.

Siku ya ufunguzi Amondi alifika amesuka nywele, amevaa kitenge kipya. Masinki yaling'aa mlangoni, wateja wakinawa wenyewe na kucheka. Akalitafuta birika lake jikoni, akalitafuta kaunta. Alipoinua macho akaliona: limepinduliwa, limetobolewa kitako, waya wa umeme umepita, balbu inawaka ndani. Pembeni yake lilining'inia la Dorotea. Roho ilimuuma kama mtu aliyefiwa.

"Mama Amondi, hukuambiwa?" Shaibu aliuliza, huku akiwatabasamulia wageni. "Kazi ya kunawisha imekwisha. Na hapo uliposimama unawazibia watu njia."

"Mzee Shaibu, basi nipe birika langu niende nalo."

"La nini tena? Limeshatobolewa, litakuvujia tu."

Akaenda zake kupiga picha na Nasma chini ya taa.

Amondi alikuwa anageuka kuondoka Dorotea alipoingia, moja kwa moja kutoka kivukoni, taulo safi begani, uso umechangamka.

"Dada, nimechelewa? Naanzia meza ipi?"

Amondi, aliyekuwa na salamu kwa kila mtu, alimshika mkono tu. Akanyoosha kidole juu. Dorotea akatazama.

"Taa nzuri hizo," akasema.

Kisha akauona waya mwekundu. Akaishusha taulo begani, akaikunja polepole hadi ikawa ndogo.

"Dada Amondi," akasema, "si ulisema wanatutaka sisi?"