Kichwa Kisichoguswa na Wembe

Nimeshona nguo pale Bungu, kando ya barabara kuu, muda wa kutosha kuona vituko vya kila aina, na nilidhani nimekwisha kuvizoea. Kumbe wapi. Asubuhi ya Idi, dada yangu alipomtoa mwanawe uani kunionyesha, kikombe kilinitoka mkononi na chai yote ikaishia kwenye dera langu jipya.

Mtoto alikuwa amesukwa na kofia. Sisemi alisukwa kisha akavishwa kofia, hapana. Kofia yenyewe ilikuwa imo ndani ya msuko. Mama yetu, ambaye husuka mikeka ya ukindu, alikuwa amemtengenezea mjukuu wake kofia ndogo na kuiacha wazi utosini. Dada akazisuka nywele za mtoto mistari myembamba kutoka kisogoni, kutoka kwenye paji la uso na kutoka juu ya masikio, yote ikapanda hadi kwenye lile tundu la utosini, ikatokea nje, ikateremka juu ya kofia, kisha kila msuko ukapenyezwa kwenye ukingo na kufungwa utepe. Mwekundu hapa, wa kijani pale, kuzunguka kichwa kizima. Ule mwekundu niliutambua mara moja. Ulikuwa wa gauni la bibi harusi mmoja wa Chumbi, ambalo nilikuwa bado sijalimaliza.

Nikamuuliza dada kofia hiyo inavuliwaje. Akasema haivuliwi, inafumuliwa, na ataifumua Jumamosi kama kawaida yake. Mtoto, binti wa miaka sita, alikuwa amesimama wima akigeuka taratibu ili tumwone pande zote, na ile furaha aliyokuwa nayo ikanifunga mdomo. Habari ya utepe nikaiacha kwa siku nyingine.

Haikuwa mara ya kwanza. Dada hakuwahi kuwa msusi wa kulipwa, kazi yake ni maandazi ya asubuhi, lakini kichwa cha yule mtoto alikigeuza kuwa shamba lake. Watoto wengine wa kike mtaani wamenyolewa vipara tangu wakiwa wadogo, wakisubiri shule ambako nywele ndefu haziruhusiwi, na wakisukwa wakati wa likizo ni twende kilioni tu, mistari minne mitano ya kurudi nyuma, basi. Huyu wa kwetu kila wiki alikuwa na jambo jipya. Wiki hii mabutu mawili yamefungwa vipande vya kitenge, wiki ijayo misuko imezungushwa ikawa ukingo wa kofia bila kofia. Nilipokuwa nashona, mabaki ya vitambaa hayakuwahi kufika chini. Yalipotea kabla sijageuka.

Kilichonitoa roho ni siku niliyomkuta mtoto amevaa kofia ya marehemu baba yetu. Kofia ya viua, ile aliyokuwa akienda nayo msikitini Ijumaa, ambayo mama aliitunza kwenye sanduku. Dada alikuwa amepanua matundu ya urembo wake kwa msumari na kuchomozesha misuko, kila tundu msuko wake, na kila msuko una kiutepe. Nilipiga kelele hadi jirani akaja. Nikamwambia dada amechezea kumbukumbu ya mzazi, na kwamba mama akiiona hapa hapatakalika. Mama akaja, akaiona. Ni mwanamke ambaye aliwahi kuninunia mwezi mzima kwa sababu ya sufuria iliyotoboka. Akamtazama mjukuu, akamtazama dada, akasema amependeza, akarudi kwenye ukindu wake. Nilibaki nimesimama pale katikati ya ua, jirani ananitazama mimi kama mwenye kosa.

Nilidhani ni uzee. Nilidhani pia ni ile nadhiri, na nadhiri hiyo lazima niieleze.

Dada alizaa mara mbili kabla ya huyu. Wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike. Wote wawili walinyolewa siku ya saba kama inavyotakiwa, wakachinjiwa, wakaombewa dua, na wote wawili hawakufikisha arobaini. Hospitali walitueleza kila ugonjwa kwa jina lake, lakini dada alichobaki nacho kichwani ni wembe. Nilikuwepo. Nakumbuka alivyokuwa akikwepa hata kuupita wembe wa kukatia kucha ukiwa juu ya meza.

Alipozaliwa wa tatu, siku ya saba ikafika, maji yakatengwa, mnyoaji akakaa tayari, na wanawake wa mtaani wamejaa barazani. Mama akasimama mlangoni akasema mtoto huyu hanyolewi. Akasema ameweka nadhiri kwamba wembe hautamgusa kichwa hadi siku atakayoanza darasa la kwanza, na siku hiyo atanyolewa hapa hapa nyumbani kwa dua na pilau. Watu walishangaa. Mwanamke mmoja alisema waziwazi kuwa jambo hilo halijawahi kusikika kwetu, na mama akamjibu kwamba sasa amelisikia. Nami nilishangaa, maana mama ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote kufuata kila kitu kama kilivyowekwa. Tangu siku hiyo nywele za mtoto zikawa jukumu la dada. Ziliota nyingi, nzito, na nywele nzito haziachwi hivi hivi. Zinataka mafuta, kitana na mikono.

Kwa hiyo Idi ile ilikuwa ya mwisho kwa misuko hiyo, na sote tulijua. Januari angeanza darasa la kwanza. Ndiyo maana ilikuwa kofia ya ukindu na utepe kuzunguka kichwa kizima. Dada alikuwa anaaga.

Ajali ilitokea Idi pili. Vijana walikuwa wamefunga bembea kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, na watoto walikuwa wanapokezana. Mimi na dada tulikuwa tunaosha vyombo. Tukasikia kishindo, kisha kimya, na kimya cha watoto wengi kwa pamoja ni kibaya kuliko kilio. Tulipofika tulimkuta binti yetu ameanguka kwenye bembea, amekaa chini karibu na kisiki, analalamika kwamba shingo inamuuma. Kofia ilikuwa pale pale kichwani. Dada akampangusa mchanga, akamwambia pole, akamwinua. Mimi nikaanza kuwagombeza vijana wa bembea.

Nilikuwa bado nagomba nilipoona ule utepe wa kijani umekuwa mwekundu.

Damu ilikuwa imejaa ndani ya kofia. Ukindu ulikuwa umeinyonya kimyakimya, ndiyo maana hatukuiona, na sasa ilikuwa inatiririka kupitia ukingoni hadi begani. Dada alijaribu kufungua mafundo, lakini ukindu ukilowa unavimba na utepe ukilowa unakaza, na misuko yote ilikuwa imebanwa humo. Nilikimbia kuleta mkasi, kwa maana mimi mkasi ni kama kidole changu. Akanipiga mkono, mkasi ukaruka huko. Akasema nisikate. Nilidhani hajui anachosema.

Tulipanda bodaboda mshikaki, mwendesha pikipiki, mimi, mtoto katikati, na dada nyuma akiwa ameshikilia kile kichwa kwa kanga. Mama tulimwacha anatafuta pikipiki nyingine. Njia nzima mtoto hakulia. Aliniuliza mara moja tu kama gauni lake la Idi limeharibika, nami nikamwambia halijaharibika, na nilikuwa naliona lilivyo.

Kituo cha afya kilikuwa na nesi mmoja zamu ile, mwanamke wa makamo, mtulivu. Akamlaza mtoto, akakagua macho yake, akapapasa kofia pande zote, na uso wake ukaniambia hajawahi kukutana na kitu cha namna ile. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba anaikata kofia, ananyoa eneo la jeraha, kisha anashona, kwa sababu bila hivyo haoni anachokishona na damu haitasimama.

"Shona," dada akasema. "Usinyoe."

Nesi alidhani hakusikia vizuri. Akarudia. Dada akaweka viganja vyake viwili juu ya kofia, akakifunika kichwa cha mtoto, na damu ikaanza kutokea katikati ya vidole vyake. Akasema wembe haumgusi mwanawe. Akasema wawili walinyolewa, wako wapi.

Sijawahi kushtuka hivyo maishani mwangu. Huyu ni dada aliyenifundisha kuhesabu, aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano, mtu mwenye akili zake timamu anayegombana na wauza unga wa ngano kuhusu mizani. Nilimshika mikono nimbandue, nikashindwa. Nilimtukana, nasema kweli, tusi ambalo sijawahi kumtamkia mtu mkubwa kwangu. Hata hakunitazama. Nesi alinisogeza pembeni, akakunja shashi, akaikandamiza palipokuwa na nafasi, na akamwambia dada bila kupandisha sauti kuwa mtoto anapoteza damu na yeye hana muda wa kubembelezana na mtu mzima.

Ndipo mama alipoingia, kanga begani, vumbi la barabarani usoni. Alisimama akatazama kitanda kile, mikono ya dada na nesi aliyeshika mkasi. Hakuuliza kilichotokea.

"Mwache nesi anyoe, mama," akamwambia dada. Ndivyo anavyotuita sisi binti zake, mama.

Dada akamwambia nadhiri je.

"Nadhiri haipo."

"Haipo vipi?"

"Haikuwepo tangu mwanzo. Sikuiweka kwa Mungu wala kwa mtu. Nilikuambia wewe tu, na wale wa barazani."

Nakumbuka nesi alisimama na mkasi wake hewani. Mama yetu, mwanamke anayeogopa kuapa hata kwa jambo dogo, alikuwa amesimama mlangoni mbele ya mtaa mzima akazusha nadhiri. Siku ile ile ambayo watu walimshangaa, walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kumshangaa kuliko walivyojua.

Dada akamuuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alimsogelea, akazungumza naye kana kwamba sisi wengine hatupo. "Siku saba ulikuwa humshiki mtoto. Unamnyonyesha, ukimaliza unamrudisha mkekani, unageukia ukutani. Humwogeshi, humwimbii. Nilikuwa namwogesha mimi. Nikasema huyu akinyolewa leo, hatamgusa tena, atamsubiri tu afe kama wenzake. Nywele zinataka kushikwa. Basi nikakupa nywele."

Nilikuwa nimeishi nyumba ile ile, nikala sahani moja nao, na sikuona. Niliona misuko, kofia na utepe wangu ulioibwa, nikaona kituko, nikapiga kelele. Jumamosi zote zile, yule mtoto amekaa katikati ya magoti ya mama yake hadi miguu inakufa ganzi, nilifikiri tunatazama nywele.

Dada alitoa mikono yake kichwani kwa mtoto. Ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo. Akamwomba nesi ule mkasi, na nesi, ambaye angeweza kukataa, akampa. Akakata utepe kwanza, mmoja baada ya mwingine, kisha akakata misuko pale inapotokea kwenye tundu la utosini, karibu kabisa na ngozi, haraka na bila kukosea. Kofia ikatoka. Jeraha lilikuwa refu kuliko nilivyotegemea, nikageuza uso. Nesi akachukua wembe, akaanza kunyoa. Dada alitazama wembe ule kila ulipopita. Alitazama hadi mwisho.

Muda wote macho ya mtoto yalikuwa yanahama kutoka kwa bibi yake kwenda kwa mama yake. Tulikuwa tumesahau kwamba anasikia. Nesi alipokuwa anasafisha sehemu ile iliyonyolewa, mtoto akauliza:

"Mama, nywele zikiisha utanishika wapi?"

Mama yetu alijifunika uso kwa kanga. Dada akaweka kiganja chake juu ya kile kichwa, pale palipokuwa peupe, karibu na jeraha. Nesi akamwambia atoe mkono, anataka kushona. Akautoa. Akauhamishia kwenye shavu la mtoto, akauacha hapo, na nesi akashona vivyo hivyo, akiuzunguka.