Mjukuu Anayenukia Kaimati

Siku ile nilikimbilia jikoni bure mara mbili. Nimekaa uani nachambua mchele, nikasikia harufu ya sukari inaungua, nikakumbuka nina kashata motoni. Nafika, hata kuchemka hazijachemka. Nikarudi kwenye ungo wangu. Kidogo tu, harufu hiyo tena, na sasa ina vanila ndani yake na maziwa mazito. Nikakimbia tena, kashata zangu salama salimini. Basi nikaifuata kwa pua, mpaka chumbani kwa mjukuu wangu. Namkuta mbele ya kioo, anajipulizia shingoni.

Nikasimama mlangoni.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Pafyumu, bibi."

"Ya kujipaka au ya kula?"

Akacheka. "Njoo nikupulizie, mke mwenzangu." Huniita hivyo kwa ajili ya marehemu babu yake, ndio utani wetu.

Nikamwambia, mwanangu, huku pwani mtu anajulikana kwa harufu kabla hajafungua mdomo. Mwanamke akipita ananukia udi, unajua huyo ana mume wake na heshima zake. Sasa wewe unanukia kaimati. Watu watasema huyu mtoto bado, laini, ukimbonyeza anabonyea.

"Na huo udi wako bibi, si umeupika kwa sukari?"

"Sukari ya udi inakwenda motoni. Yako inakwenda shingoni."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Alasiri ile shangazi wa kijana anayetaka kumuoa alikuwa anakuja kumtazama. Mjukuu wangu anampenda yule kijana, usingizi hapati kwa ajili yake. Na kule kwao, shangazi ndiye mwenye neno. Akikunja uso, barua ya posa haiji. Tena ni mwanamke wa Bagamoyo mjini, nyumba za kale, wanawake wa kule wanakunusa kabla hawajakuuliza hali. Sisi tuko huku Kerege, watu wa shamba. Nikasema siaibiki mimi.

Alipoingia kuoga, nikachukua dera alilolitandaza kitandani. Nikawasha chetezo, nikakifunika kwa tenga, juu nikaliweka dera lipate moshi. Udi niliokuwa nao ndani ni mmoja tu, ule ninaowapikia maharusi, wa kufukizia kitanda. Nilijua kabisa ni wa nini. Nikasema kidogo tu, apate uzito.

Shangazi akaja baada ya swala. Mjukuu akapiga magoti, "Shikamoo shangazi," akambusu mkono.

"Marahaba." Ule mkono hakuuachia. Nikaona pua yake inacheza. Akatazama dera, akanitazama mimi, akakaa mkekani. Kashata nilizomsogezea hakuzigusa.

"Mwanangu," akasema, "uliwahi kuolewa?"

"Hapana, shangazi."

"Basi udi huo unamfukizia nani?"

Nilielewa palepale nilichokifanya. Nilitaka aonekane mtu mzima, kumbe nimemvalisha harufu ya mke wa mtu mbele ya mgeni aliyekuja kumtazama. Nikamtazama mjukuu, nikajua sasa atalia. Mtoto wa kaimati yule.

Hakulia.

"Sijajifukiza mimi, shangazi. Nguo yangu kaifukiza bibi nikiwa bafuni, hakuniuliza. Mimi nanukia kitu kingine, naye hakipendi."

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na kichupa chake, akakiweka mkekani mbele ya mgeni.

"Harufu yangu ni hii. Kama unaniona mtoto, uniambie sasa hivi mwenyewe, nisije nikaambiwa na watu barabarani."

Jamani, nimeshazika, nimeshazalisha, nimekaa na wakwe wa kila namna. Msichana kumsemesha hivyo shangazi wa mchumba wake, na bibi yake kumwanika hadharani, sijapata kuona. Nilitamani mkeka unifunike.

Shangazi akafungua kichupa. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Hii harufu," akasema, "ni ya mtu asiyejua kusema hapana."

"Najua kusema, shangazi."

"Nimekusikia."

Shangazi akachukua kashata moja, akaivunja, akaanza kutafuna polepole. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe dada. Mjane, peke yako, halafu udi wa biharusi unao ndani. Unajiandaa na nani?"

Mjukuu ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nikajifunika uso kwa khanga, nikasema ninawapikia watu, wallahi, na shangazi akasema ndiyo, wote husema hivyo.

Kabla hajaondoka alimwambia mjukuu maneno nisiyoyatarajia. "Kijana wetu mpole mno, kila mtu anamwamuru. Nilikuwa natafuta mtu wa kumsemea."

Barua ya posa ililetwa Ijumaa iliyofuata. Asubuhi yake mjukuu alinifuata uani, akanikalisha chini kama mtoto, akaniambia nguo yangu ya leo, bibi, usiiguse, wala usiikaribie. Nilitaka kubisha. Nikamtazama usoni, nikaona hapana, huyu habishwi. Nikasema sawa mke mwenzangu, nikaendelea kuchambua mchele.